Raba za Breki za Busia

Mama yangu hamwamini mtu yeyote mwenye mikono. Hiyo si kashfa, ni kazi yake. Anauza omena, wale dagaa wa ziwani, na magunia yake yanavuka mpaka wa Busia juu ya baiskeli za wachukuzi, na gunia linaweza kuondoka limejaa upande mmoja na kufika upande wa pili limepungua kiuno. Kwa hiyo kabla hajalikabidhi, anapitisha uzi wa rangi yake kwenye mdomo wa gunia na kupiga fundo lake, fundo ambalo nimeliona tangu utotoni na mpaka leo sijui linafungwaje. Gunia likifika, analitazama fundo kwanza, halafu gunia. Mchukuzi anasalimiwa mwisho.

Mimi nimelelewa na fundo hilo. Nikinunua soda naangalia kifuniko. Nikimwachia mtu simu aichaji nampiga picha mtu mwenyewe. Basi fikiria mtu wa namna hiyo anapoamua kujiundia baiskeli ya kurukia mawe, akinunua kila kipande kwa mtu tofauti.

Baiskeli hii si ya kwenda mahali. Unasimama juu ya pedeli, unafunga breki, halafu unairusha baiskeli nzima kutoka jiwe hadi jiwe bila mguu kugusa chini. Niliona video zake kwenye simu, ofisini Malaba ninakochapa na kutoa fotokopi, nikatoka nje nikatazama mwamba wa Tororo umesimama kule, nikasema lo, watu wengine wanatafuta mawe na sisi tumelala juu yake. Baiskeli hiyo haina kiti. Kuipeleka kwenye mawe unaisukuma njia nzima, na mtaani kwetu Tororo, upande wa Uganda, walinipa pole. "Dada, wamekuibia kiti?" Nikachoka kueleza. Nikawa nasema ndiyo, wameiba.

Fremu niliipata kwenye lundo la mitumba upande wa Kenya, fupi, ya alumini, na imechunika vibaya. Niliipenda kwa kuchunika kwake. Kulikuwa na nyingine inang'aa, muuzaji ananisukumia hiyo kwa nguvu zote, na mimi rangi mpya kwenye fremu ya mtumba naiona kama manukato kwa mtu asiyeoga. Niliigonga kwa sarafu kila kiungo nikisikiliza. Muuzaji akaniuliza kama natafuta fremu au ngoma. Foki, ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele, nilikataa za springi, kwa sababu springi inameza ule mruko wako kabla hujaruka. Usukani nilichukua mpana. Gia ya mbele ndogo kabisa, ili pedeli ikikanyagwa kidogo tu gurudumu liitike papo hapo. Tairi la nyuma nene, na upepo kidogo, ili likumbatie jiwe.

Lakini yote hayo ni mapambo ukilinganisha na breki ya nyuma. Gurudumu la nyuma likishikwa sawasawa unasimama juu ya jiwe kama umeota hapo. Likiteleza kidogo tu, unaondoka kinyumenyume, na huku nyuma hakuna kitu ila mawe mengine. Shingo yangu, kwa maneno mengine, ilikuwa inategemea vipande viwili vya raba.

Raba hizo nilinunua kwa fundi wa Busia, upande wa Kenya. Mwanamume mnene, mcheshi kupita kiasi, na mimi mtu mcheshi anaponiuzia kitu nashika mkoba. Sikumwachia baiskeli hata dakika. Kwetu ukimwachia fundi chombo chako ukaenda kunywa chai, unarudi unakuta kimekonda: haba nyingine katikati ya gurudumu, mnyororo mwingine, na yeye anakuapia kwa Mungu kwamba ndio uleule. Nilikaa kwenye kopo la rangi mbele yake siku nzima. Na nilikuwa nimejihami. Kila kipande, foki, haba, pedeli, kila kitu, nilikipaka doa la rangi ya kucha nyekundu mahali ninapopajua mimi.

Akaliona doa moja. "Dada, hii baiskeli unaipeleka harusini?"

"Wewe fanya kazi," nikamwambia.

"Nafanya. Lakini mume wako ana taabu."

"Sina mume."

"Aa. Basi amepona."

Watu wakacheka, mimi sikucheka. Akakwaruza ukuta wa rimu ya gurudumu kwa mashine ya kunolea mpaka ukawa mkavu, wenye meno meno, ili raba ipate pa kung'ata. Nyumbani nikaongeza kipande cha lami nilichookota kando ya barabara ya Malaba, nikakisugua juu ya rimu kidogo tu ili raba inate zaidi. Nikashika breki kwa kidole kimoja. Gurudumu likapiga yowe na kusimama palepale. Furaha niliyoipata sitaisahau. Mama alikuwa mlangoni anatazama, mikono ameifunga kifuani, akasema, "Imeshika kweli," na kuingia ndani.

Jumamosi hiyo niliisukuma mpaka kwenye mawe yaliyo nyuma ya mashamba ya Rubongi. Jiwe dogo la kwanza, gurudumu likateleza kidogo. Nikadhani ni umande. La pili nikalipita. Juu ya lile la tatu, refu kama mlango, nikafunga breki, nikaegemea nyuma kujiandaa kuruka, na breki haikuwepo. Yaani kidole kinabana na gurudumu linazunguka tu, jepesi, kama linatembea sokoni. Nilitua kwa kidevu.

Nilijikokota na baiskeli hadi nyumbani, na mama ndiye aliyenipeleka hospitali. Njia nzima alinishindilia kanga kidevuni kwa mkono wote, na mimi kupitia ile kanga nilikuwa namtukana fundi wa Busia na ukoo wake. Wakati wananishona alikuwa bado ameishika ile kanga imelowa damu, hataki kumpa nesi. "Wezi hao," alisema. "Wanauza raba feki. Wezi hao."

Niliporudi nyumbani, kabla hata dawa ya ganzi haijaisha, nilikagua madoa yangu. Yote yalikuwepo. Hapo ndipo nilipozidi kuwaka, kwa sababu kama hakubadilisha kitu basi aliniuzia uchafu tangu mwanzo, huku ananichekesha. Niliosha rimu kwa sabuni na petroli, nikasugua raba kwa msasa, nikaweka lami upya. Ikashika. Baada ya siku chache naijaribu uani, inateleza. Naosha, inashika. Naiacha, inateleza. Nikaanza kushuku mpaka jirani. Nikashuku kuku. Nikahitimisha kwamba zile raba zimelowekwa mafuta ndani kwa ndani, kwamba yanatoka polepole kama jasho, na kwamba yule mnene anajua, na anasubiri nirudi ninunue nyingine.

"Atakuwa anajua," mama alisema, anachambua omena. "Mpelekee mwenyewe raba zake. Na kama hazipokei, muuzie na hiyo baiskeli yenyewe."

Nikaipandisha kwenye pikapu ya muuza nyanya, jinsi ilivyo, bila kuiosha, ushahidi juu yake. Kidevu changu kilikuwa na nyuzi nyeusi zimechomoza kama ndevu za beberu, na nilizihesabu kuwa ushahidi pia.

Nilimkuta fundi anakula. Sikumsalimia. Nikaisimamisha baiskeli mbele ya sahani yake, nikainua gurudumu la nyuma, nikalizungusha, nikabana breki. Likaendelea kuzunguka.

"Ona," nikasema. "Ona kazi yako. Na hapa pia ona," nikamwonyesha kidevu.

Aliweka kijiko chini. Kwanza alisema pole, na nadhani aliimaanisha, ndiyo maana nikapandisha sauti. Nikamwita mwizi. Nikamwita muuaji. Wachukuzi wakaegesha baiskeli zao kusikiliza, mama mmoja wa mahindi akahamisha jiko lake asogee.

"Wacha matusi, dada," alisema, sasa hacheki. "Raba zangu watu wa Busia yote wanatumia. Wewe ndiye unapaka kitu hapo ili nikupe zingine za bure. Nyinyi wa Tororo nawajua."

"Mimi? Nipake? Nijiue kwa ajili ya raba?"

"Basi ni nani? Mimi niko hapa Kenya. Natoka hapa nakuja kulala kwenu?"

"Mafuta yanatoka ndani ya raba! Shika uone!" Nikapitisha kidole juu ya rimu, nikakiinua kwa kila mtu, kinang'aa, halafu kwa hasira tu, niweze kusema ni mafuta ya nini, nikakipeleka puani.

Yalikuwa moo yao, mafuta ya shea. Yale mafuta mazito ya kutoka kaskazini, yana harufu ya moshi na njugu, ambayo mama anajipaka magoti kila asubuhi. Nyumba yetu nzima inanuka hivyo, mito, mapazia, mimi mwenyewe, na kwa sababu hiyo nyumbani sijawahi kuisikia. Ilibidi nifike Busia, katikati ya petroli na mahindi ya kuchoma, ndipo pua yangu ikaniambia nilikotoka.

Fundi akasema, "Eeh? Ni ya nini?"

Watu wote walikuwa wananisubiri. Nikafuta kidole kwenye sketi.

"Nipe raba nyingine," nikasema. "Nitalipa."

Alinitazama kama nimepandwa na kitu. Akanipa, na mimi kama kawaida nikazigeuza, nikazikuna kwa ukucha, nikazinusa. Hazikunuka kitu.

Njiani kurudi nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na hasira ya kupasua, nasema kweli. Mtu aliyenilea nisimwamini yeyote, na sikuwahi kufikiria kumpigia yeye fundo. Nilimkumbuka na ile kanga. Nilimkumbuka akisema wezi hao. Nikajiuliza ni mtu wa namna gani anayeweza kukushika kidevu hivyo na kusema hivyo, huku vidole vyake vinajua. Jibu lililonijia, kwamba labda alitaka nianguke, lilinitisha, nikarudia kupanga maneno.

Alikuwa uani, ametandaza omena juu ya turubai. Nikaiegemeza baiskeli ukutani.

"Mama. Umepaka nini baiskeli yangu?"

Hakushtuka. Hakukana pia, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kukana.

"Nimepaka mafuta yangu," alisema. "Umechelewa kujua. Nilidhani nimekufundisha vizuri zaidi."

"Kwa nini?"

"Uiache." Akageuza omena kwa kiganja. "Baba yako alikuwa na breki nzuri. Unakumbuka? Baiskeli yake ndiyo iliyokuwa inashika kuliko zote za mpakani, na abiria walikuwa wanamgombania. Ndiyo iliyompa kiburi cha kupita katikati ya malori pale Malaba. Lori likarudi nyuma, likamlalia. Yeye breki yake nzima, lori ndilo halikuwa na breki." Aliifuta pua kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa ya samaki. "Nilisema, hii yako ikikosa breki hutaipanda. Utaona haishiki, utaisukuma urudi nayo nyumbani. Mbona kila siku unaisukuma tu. Mtu akisukuma ataangukaje?"

"Hii si kama ya baba!" Nilipiga kelele, kwa kweli, kuku wakakimbia. "Breki si ya kusimamishia, mama, breki ndiyo inayonishika! Nikiwa juu ya jiwe hakuna kingine kinachonishika, ni hiyo tu, ikiteleza nime..."

Nikanyamaza, lakini nilikuwa nimechelewa. Kiganja chake kilisimama juu ya turubai. Alikuwa anatazama kidevu changu, na niliyaona maneno yangu yakimfikia, moja moja, kama mtu anayefungua gunia lake mwenyewe.

"Ile Jumamosi," alisema.

Nikainamisha kidevu asikione.

"Ile Jumamosi ulipokuwa unaoga. Ndipo nilipoanza kupaka, na ulipoanguka nikasema ni raba." Sauti yake ilikuwa imeisha. "Kwa hiyo ni mimi?"

Hasira yote niliyoibeba kutoka Busia ilikuwepo bado, na maneno niliyoyapanga pia, mazuri, makali. Nilimtazama mikono yake ina magamba hadi kwenye vifundo.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa nimeiosha asubuhi ile kabla ya kutoka. Zile zilikuwa raba za Busia. Feki tupu. Nimekwenda kumrudishia na amekiri mwenyewe mbele ya watu."

Mama yangu anaujua uongo. Anausikia ukiwa bado kooni, hiyo ndiyo kazi yake. Alinitazama kwa muda mrefu, kama anavyolitazama fundo gunia likifika. Nikamwangalia vilevile, sikupepesa.

"Wezi hao," alisema mwishowe, polepole sana.

Halafu aliinuka, magoti yakimlalamikia, akaenda kunawa. Alirudi na beseni la maji ya moto na kipande cha sabuni ya kufulia, akapiga magoti kando ya gurudumu la nyuma, akaanza kuosha rimu. Alisugua huku akiizungusha polepole, kila mara anainusa, anasugua tena, na hakutaka nimsaidie.