Kibuyu Kabla ya Kukama

Kila jioni nyanya alichukua ndoo ya maziwa akaenda kugonga mlango wa mpangaji wetu. Zamani pale palikuwa na boma la ng'ombe wake. Mjomba alilibomoa akajenga vyumba vya kukodisha, kama wengi hapa Kapseret.

"Fungua, ndama analia!"

"Mama, hapa niko mimi tu, na mimi sikamwi," mpangaji alimjibu, majirani wakacheka.

Mwanzoni nilimwambia ukweli, kwamba ng'ombe wake alikufa. Alilia sana. Kesho yake akauliza tena, nikamwambia, akalia upya. Nikaacha kumwambia.

Jioni moja alipita mlango ule akatoka hadi barabarani. Boda boda ilimkosa kidogo. Mjomba akanunua kufuli.

"Jioni atakuwa anafungiwa chumbani."

Mimi huona haya kusema mbele ya wakubwa. Siku hiyo nilisema. "Asifungiwe. Hospitalini walituambia ni ugonjwa wa ubongo. Si ukaidi."

"Na akigongwa?"

"Nitakaa naye."

"Akitoka tena mara moja tu, nafunga."

Nilifikiri usiku kucha. Nyanya alishasahau jina langu, lakini mikono yake haikusahau kazi. Na kwetu mtu hakami kabla ya kutayarisha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Unakiosha, kisha unakisugua ndani kwa kijiti kilichochomwa hadi kuwa mkaa, ndipo maziwa yaingie yagande.

Jioni, aliposhika ndoo, nilimpa kibuyu. "Nyanya, hiki bado."

Akakichungulia. "Nani aliosha hivi? Mvivu!" Akaketi, akasugua mpaka giza likaingia na ndoo ikasahauliwa.

Si kila siku ilikuwa rahisi. Kuna jioni alikataa kuketi, tukazunguka uani, mimi nimebeba kibuyu, hadi akachoka. Lakini hakufika barabarani.

Mjomba alikuja kutuangalia, kufuli mfukoni. Nyanya alimtazama kwa ukali.

"Wewe kijana, umenawa mikono? Hii ni kazi ya maziwa."

Maziwa hayakuwepo. Mjomba alinitazama. Akaenda kunawa. Aliporudi, mama yake alimpa kijiti.

"Sugua mpaka chini. Usibembeleze."

Alisugua. Alipoondoka alitia kufuli kwenye lango la nje, ufunguo mmoja akampa mpangaji, na mwingine akanipa mimi.