Mkebe wa Hajati Marjan

Konstebo Okwera alikuwa na mshahara, ila kwa miaka mitatu walikuwa hawajaonana. Alikopa milioni tatu anunue bodaboda ya biashara, na bodaboda ikaibwa wiki ya pili, nje ya kituo cha polisi, mwenyewe akiwa zamu. Mkopeshaji wake, Hajati Marjan wa Nateete, hakutaka hati ya kiwanja wala mdhamini. Alitaka kadi ya benki na namba ya siri, basi. Kila mwisho wa mwezi alikwenda kwenye mashine mwenyewe, akakata chake, akampa Okwera kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa aibu tupu. Mkewe, Abalo, aliacha kuuliza kama mshahara umeingia. Aliuliza, "Hajati ameamkaje?"

Kadi za nusu ya askari wa kituo kile zilikuwa kwa Hajati, ndani ya mkebe wa biskuti. Na kazi ya Okwera pale kaunta, maajabu haya, ilikuwa kuwaandikia raia barua za vitu vilivyopotea. Ukiwa na barua hiyo, benki inakupa kadi mpya. Angeweza kujiandikia yake siku yoyote. Mara mbili alishika kalamu, mara mbili akaiweka chini. Deni lilibaki laki sita, naye alitaka kulimaliza, si kulikimbia halafu akutane na Hajati sokoni akichagua nyanya.

Jumatatu moja Hajati akaingia kituoni jasho likimtoka.

"Afande, nimeibiwa mkebe."

"Pole, mama. Ndani kulikuwa na nini?"

Hajati akamtazama. Kushika kadi za watu ni kosa, na wote wawili walijua.

"Biskuti."

Okwera akaandika: biskuti. "Ngapi?"

"Sitini na moja."

Akaandika sitini na moja. "Thamani yake?"

Hajati akaangua kilio, kilio cha kweli kabisa, na Okwera, Mungu amsamehe, akaona furaha.

Wiki hiyo askari wote wa mkebe ule walipata kadi mpya, na Okwera naye. Mwisho wa mwezi alitoa mshahara mzima, akasimama kando ya mashine amezishika noti kama mtu aliyepewa kichanga cha jirani ambebee. Kisha akaenda Nateete, akamhesabia Hajati laki mbili. Mwezi uliofuata, laki mbili tena. Abalo alimwita mjinga kwa Kiacholi, halafu kwa Kiswahili ili majirani nao wasikie.

Mwezi wa tatu deni likaisha. Hajati akasaini karatasi kwamba hamdai kitu.

"Sitini wamenikimbia," akasema. "Wewe peke yako umekuja. Mtu kama wewe, afande, nakupa milioni tano leo hii. Kadi sitaki. Jina lako linatosha."

Milioni tano! Okwera aliiona bodaboda mpya, nyekundu, bado ina nailoni kwenye kiti. Akaitamani. Akaitamani mpaka akaogopa, na hajawahi kuogopa vile hata mbele ya bunduki. Akainuka akatoka mbio, mbio kweli, askari mzima na buti zake, kofia ya serikali akaiacha kwenye kochi la Hajati.

Hajati alipiga simu aje kuichukua. Hakwenda. Aliomba nyingine stoo, wakamkata mshahara, akasaini.