Sini ya Nyuzi Sabini na Tano

Jumanne nilifundisha somo la majaribio la hisabati katika sekondari moja hapa Lushoto, mkuu wa shule akiwa ameketi nyuma kuamua kama nitaajiriwa. Nikajigamba kwamba nitapata sini, yaani “sine”, ya pembe ya nyuzi 75 bila kikokotoo. Nikaigawa 75 kuwa 45 na 30, nikajumlisha sini zake, nikapata moja nukta mbili na ushee. Nikalipigia jibu mistari miwili.

Msichana wa mbele akasimama. “Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Si tulishasalimiana?”

“Ndiyo, mwalimu. Lakini sini ya pembe yoyote haizidi moja.”

Nikacheka. “Hayo ni ya kidato cha pili, binti! Huku juu inazidi.”

Hakuna aliyecheka nami. Mkuu akafunga daftari lake. “Mwalimu, njoo ukae hapa. Binti, nenda ubaoni utufundishe.”

Nilimkabidhi chaki bila kumtazama usoni.