Nati ya Mwisho

Fundi amefungua kopo la grisi apake beringi za gurudumu la gari langu, na harufu ile imenirudisha ufukweni Pangani, nimepiga magoti mchangani pembeni ya baba.

Chombo chetu kilikuja vipande vipande juu ya trela: viboti viwili vyembamba, mabomba ya kuviunganisha, mlingoti, na wavu wa kukalia katikati. Asubuhi nzima nilipaka nati grisi nikimpa baba, naye akikaza. Ya mwisho aliniachia mimi.

"Hii yako. Ukishaikaza, panda."

Kwao baba, chombo kipya hupandwa kwanza na kitindamimba, na kitindamimba nilikuwa mimi. Miezi yote tuliyokingoja chombo aliniambia hivyo, mama akisikia na kucheka.

Mama alikuwa akipuliza makaa ya chetezo, ubani umeanza kufuka, alipotokea mwanamke nisiyemjua amebeba mtoto mdogo mwenye masikio ya baba. Baba alimpokea yule mtoto kama mtu aliyezoea kumbeba.

"Mpishe mdogo wako," aliniambia bila kunitazama.

Mama aliacha kupuliza.

Wanaume walishika huku na huku wakasukuma chombo. Maji yalipowafika magotini, mtoto keshakaa wavuni, baba aligeuka.

"Mwanangu, ile nati yako umeikaza?"

"Nimeikaza, baba," nilijibu, nikazidi kuifumbata kiganjani.