Siku Niliyoufagia Msitu

Nimekaa na aibu hii tangu mvua zilipokatika, na kwa kuwa kijiji kizima kinaisimulia kwa kutia chumvi, bora niiandike mwenyewe.

Mjukuu wangu Mwajuma anasoma chuo Dodoma mjini, kapanga chumba Ipagala, na mwaka huu alikuja kukaa kwangu huku milimani Kondoa kuchunguza kidege cha msitu ulio nyuma ya nyumba, kidogo hata kiganja hakijai, kifua rangi ya embe bivu, ambacho hakipendi jua, kinarukaruka chini ya vichaka kikipindua majani makavu kutafuta wadudu (miaka yote mimi nilidhani ni panya anachakura). Walimu wake walitaka kuja kukiona kwa macho yao, la sivyo kazi yake isingepita, na walikuwa na asubuhi moja tu.

Basi jana yake, Mwajuma akiwa kaenda Kondoa mjini kuwapokea, nikapita pale kichakani, nikakuta majani yamelala hadi vifundo vya miguu. Nikajiambia, wageni wakikalishwa kwenye takataka hizi watauliza huyu binti kalelewa na nani. Nikachukua fagio. Nilitaka pa kutandika mkeka tu, lakini ukishafagia hapa, pale panaonekana pachafu, na mimi uchafu siuvumilii, basi nikafagia mpaka mizizini, nikanyunyiza maji vumbi litulie, majani yote nikayabeba hadi shambani nikayachoma.

Asubuhi Mwajuma akaja nao, walimu watatu, darubini shingoni.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba. Nifuateni, nimewatayarishia.”

Nikatangulia kwa maringo. Tulipofika, mwalimu mkubwa akasimama, akatazama chini muda mrefu.

“Mama, majani yako wapi?”

“Nimeyachoma. Hutaona hata moja,” nikajibu, nikingoja kushukuriwa.

Mwalimu wa kike akageukia mti, mabega yakitikisika kwa kicheko. Mwajuma akasema kwa sauti ndogo, “Bibi, humo ndimo kinamokula.”

Tulikaa kwenye mkeka wangu mpaka jua likapanda. Kidege hakikuja. Alikuja kuku wangu, akachakura katikati, mbele ya wasomi, na mwalimu mkubwa akaandika kitu kwenye daftari lake (sikuuliza nini).

“Tutarudi majani yakishaanguka tena,” akasema akiinuka. “Mwajuma, wewe utabaki usubiri.”

Sijawahi kumwomba radhi mtoto niliyemlea, lakini jioni ile nilimwambia, “Nimekuharibia.”

Akanitazama. “Pote pale umefagia peke yako, na mgongo huo?”

“Mgongo ni wangu.”

Akapasha mafuta ya alizeti, akanikanda mpaka nikasinzia.

Fagio langu sasa linaishia mlangoni, nimeapa. Ila majani yameanza kuanguka, Mwajuma anayatazama kila asubuhi akitabasamu, na mimi mkono unaniwasha kuyafagia kuliko siku ile, maana yakishatosha, huyu mtoto anaondoka.