Mnyama Anayejua Kivuli

Nilipokuwa mtoto wa kubebeka bado, ingawa miguu yangu ilishaanza kumgonga magotini anayenibeba, Bibi yangu mzaa baba alisafiri nasi kutoka kijijini kwake Zagayu hadi pwani ya Mtwara kuwaona wakwe zake, wazazi wa mama. Mama ni muuguzi. Serikali ilimpanga Bariadi akiwa msichana, akaolewa na baba huko huko, na tangu hapo Bibi Mbuke hakuacha kulalamika kwamba anachangia wajukuu na watu ambao hajawahi kunywa maji kwao. Mwaka huo pamba ilipokwisha kuvunwa, akafunga vitenge vyake, akachukua fimbo yake ya kuvukia mto, akaingia kwenye basi mbele yetu sote.

Bibi alikuwa binti wa mwindaji wa nungunungu. Kwetu Usukumani wawindaji hao walikuwa watu wa kuogopwa kidogo, wenye dawa zao na miiko yao, maana walimfuata mnyama huyo mpaka ndani ya shimo lake. Baba yake alikufa kwa uzee, kitandani, na Bibi alisema ni kwa sababu alishika mwiko. Ukifika penye shimo, simama kivuli chako kianguke nyuma yako. Nungunungu ambaye kivuli chako kimemwangukia ameshakujua, na atakugeuzia miiba, kama si leo basi siku nyingine, popote ulipo. Akikuchoma usilie, kwa sababu kilio ndicho kinachomhakikishia kwamba amempata mtu wake, na kifo humfuata huyo hadi nyumbani.

Mwiko huo Bibi aliushika kwa mashimo yote duniani, hata ya mchwa, hata ya choo. Sisi wajukuu tulikuwa tunatembea nyuma yake na kukanyaga kivuli chake kwa makusudi, halafu tunacheka mpaka tunashika mbavu. Yeye aligeuka tu, akatutazama, akaendelea na safari yake.

Huko pwani, mama mdogo Somoe, mdogo wake mama, alitoka alasiri moja kwenda kutafuta pweza kwenye miamba, maji yakiwa yamepwa. Bibi akasema naye anataka kuona. Tukafuatana watatu, tukakatiza kijimfereji cha mchanga mtupu, tukapanda mwamba mpana wenye madimbwi.

"Maji yameenda wapi?" Bibi akauliza.

"Yametoka, mama. Ndiyo maana tumekuja saa hizi."

Bibi akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Mimi pia nilidhani nimeelewa. Kwetu mto ukiisha maji, umeisha. Watu wanachimba mchangani kupata ya kunywa, na ng'ombe wanavuka bila kulowa kwato mpaka mvua zirudi. Hakuna aliyetuambia kwamba bahari inarudi siku hiyo hiyo. Nadhani kwa mama mdogo ingekuwa sawa na kumwambia mtu mzima kwamba jua litatua.

"Kaeni hapa," alisema akiondoka na kijiti chake. "Hao weusi wenye miiba msiwaguse."

Nilikuwa sijawaona. Nikachutama penye dimbwi, nikawaona wamejibana kwenye nyufa za mwamba, weusi, wa mviringo, miiba mirefu ikichezacheza taratibu. Mama mdogo alikuwa na jina lake la kuwaita, nimelisahau. Mimi niliwapa la kwangu.

"Bibi, njoo uone. Nungunungu wa baharini."

Nikainama ili nione vizuri, na kivuli cha kichwa changu kikaingia majini. Miiba ile ikaacha kucheza. Ikageuka, yote kwa pamoja, ikaelekea kwenye kivuli changu. Nikasogeza mkono, ikaufuata mkono. Nikaurudisha, ikarudi nao. Mnyama hana uso, hana jicho, na ananielekezea miiba. Cheko lote la Zagayu liliniishia pale.

"Toa kivuli chako," Bibi alisema. Alikuwa ameshafika nyuma yangu. Hakunivuta. Aliinama juu yangu mpaka kivuli chake kikafunika changu chote, akabaki hivyo hivyo, kisha akalitaja jina lake mwenyewe, Mbuke, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejitambulisha mlangoni. Nikadhani anamsalimia. Ndipo akaniinua.

Tuliposikia mama mdogo akiita kutoka mbali, akipunga mikono, tuligeuka. Mfereji tuliouvuka mkavu ulikuwa umejaa maji, na yalikuwa yanaongezeka.

Bibi aliangalia juu. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu.

"Mvua imenyesha wapi?" akauliza.

Lakini mafuriko aliyajua. Mto wetu ukifurika ghafla, anayesimama kufikiri ndiye anayechukuliwa. Akafungua kitenge.

"Panda mgongoni, mayu," akasema, yaani mama, kama kwetu wanavyoitwa wajukuu wa kike.

"Naweza kutembea."

"Panda. Vivuli viwili ni vingi."

Akanifunga, akaingia majini. Yalimfika magotini, kisha mapajani. Jua lilikuwa mbele yetu, upande wa nchi kavu, na niliposhusha macho pembeni niliwaona nungunungu wale, wamejaa kwenye kingo za mfereji, ufa kwa ufa. Bibi alikuwa anatanguliza fimbo, anapapasa, anakanyaga, anapapasa tena. Maji yakatusukuma. Fimbo ikateleza, akayumba upande wa ukingo, na mgongo wake ukawa mgumu ghafla chini ya kifua changu. Alivuta pumzi kwa pua. Akasimama kidogo, akaendelea. Mgongo ukakakamaa tena.

"Bibi, umechomwa?"

Akatanguliza fimbo tena. Nilimshika shingo nikasubiri alie, kwa sababu mimi ningelia, na ukimya wake uliniogopesha kuliko maji.

Mama mdogo alitufikia akiwa na makobazi yake miguuni, akamshika mkono, akatutoa. Juu ya mchanga ndipo nilipouona mguu. Wayo wote ulikuwa na nukta nyeusi, miiba imekatikia ndani. Mama mdogo akapasua papai bichi, akampaka utomvu wake, huku akimwomba msamaha na kumbembeleza, "Lia, mama, lia upoe." Bibi akaomba maji ya kunywa.

Tuliporudi Zagayu mguu ulikuwa umevimba. Nilikuwa nimezoea kulala naye kila nilipokuwa kwake. Safari hii alinihamishia nyumba ya shangazi, akakataa niongozane naye kwenda shamba, akala peke yake. Nikikaribia mlangoni ananiambia niondoke. Nilijua ananichukia kwa sababu mimi ndiye niliyemwita penye dimbwi, nikawa nalia nyuma ya zizi. Miiba ilitoka mmoja mmoja na usaha. Asubuhi moja ulitoka wa mwisho, akautupa motoni, akaniita.

"Leo utalala kwangu, mayu."

Baadaye, shuleni, nilisoma habari za mnyama yule. Macho hana kweli. Ni ngozi yake inayohisi mwanga. Mchana anajibana kwenye ufa, usiku anatoka kula majani ya baharini. Kivuli kikimpitia anakielekezea miiba kwa sababu kwake kivuli ni samaki anayekuja kumla. Angefanya vile vile kwa wingu au kwa kikapu. Hamjui mtu. Bibi alikuwa ameshafariki nilipoyasoma, na sidhani ningemwambia hata kama angekuwepo.

Maana yeye alijua jambo jingine. Alijua kwamba mnyama ameniona, na kwamba lazima atamchukua mtu. Akaweka kivuli chake juu ya changu, akampa jina lake, akaingia majini akiwa na hakika kwamba atachomwa yeye. Kisha akarudi nyumbani kungoja kifo, akanifukuza kitandani ili kikija kisinikute karibu. Nimependwa na watu wengi tangu hapo, na nimeolewa na mtu mwema, lakini hakuna mwingine aliyewahi kunifia akiwa hai.