Nyoka Aliyeandikwa Mahali pa Anga

Asubuhi, kwenye kibaraza cha kanisa la makuti, Feliciana Cituk anapuliza unga wa mchwa kutoka kwenye kitabu kitakatifu cha kijiji. Anafuta macho kwa ncha ya shali, anachovya kalamu. Anaandika herufi moja, anatazama, anaandika nyingine.

Ana miaka hamsini na minane. Riziki yake ni kudarizi maua kwenye magauni ya wanawake, na kazi hiyo ndiyo iliyomchosha macho. Kunakili kitabu hakumpi hata peso moja. Waumini humletea mayai na maharage, na leo jirani yake, Otilia May, amemsagia mahindi bila kuombwa.

"We Fele, unaandika au umelala?" anauliza Mzee Anacleto Tuz, mlinzi wa kanisa, akimwekea bakuli la uji wa mahindi mbali na wino.

"Vyote viwili, Mzee."

"Basi usikorome. Watakatifu wanasikiliza."

Nakala inayoliwa na mchwa iliandikwa na baba yake, marehemu Eleuterio. Mpya ikikamilika, hiyo itazikwa nyuma ya madhabahu, na kijiji kitasoma alichoandika Feliciana kwenye arusi, kwenye matanga na siku za kuomba mvua. Mnakili haruhusiwi kuongeza wala kupunguza.

Ndiyo maana amekwama tangu juzi kwenye sala ya mvua. Baba yake aliandika "kaan", yaani nyoka kwa lugha yao: nyoka afunguke, mvua ishuke. Ukitia alama ndogo kama ukope katikati ya neno, linakuwa "ka'an", anga. Lakini kijiji kizima husoma nyoka. Watoto hata humfinyanga kwa unga wa mahindi siku ya sala.

"Hivi nyoka anafungukaje, Mzee?"

Mzee Anacleto anavuta kigoda, anakaa polepole.

"Hapo babu yako alikuwa anasoma anga, si nyoka. Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Na mkanyamaza miaka yote hii?"

"Baba yako aliandika ukurasa huo wiki aliyomzika mama yako. Macho yamevimba kwa kulia. Nani angemwambia amekosea? Wazee tukakubaliana tusome nyoka mpaka apoe. Hakupoa. Na sisi tukazoea."

"Wazee gani hao?"

"Nimebaki mimi."

Feliciana anaweka kalamu chini na kufunika macho kwa viganja. Anapoviondoa anasema hakuwa analia, alikuwa amechoka tu. "Nilidhani baba alikuwa mzembe," anasema. "Kumbe alikuwa na msiba, na watu wakambeba mpaka akafa bila kujua."

"Sasa niandike nini, Mzee?" anauliza.

"Wewe ndiye mwenye kalamu, binti yangu. Mimi nimechoka kuitunza siri hii peke yangu."

Uji unapoa. Feliciana anachovya kalamu, anainama karibu na karatasi, na kuweka ile alama.

Jumapili atasoma sala hiyo mwenyewe, mbele ya wote, na kueleza kwa nini neno limebadilika na ni nani waliomsitiri baba yake. Watoto waendelee na nyoka wao wa unga, anasema, maana analika. Anaomba macho yamfikishe ukurasa wa mwisho.

"Ila nikikosea," anasema, "wasinihurumie hivyo. Waniambie nikiwa hai."